Daftari la Wakala na Mfumo Usiokosea



Nina shangazi mwenye kibanda cha uwakala wa fedha za simu, jirani na kituo cha daladala. Huu ni mwaka wake wa tisa katika kazi hiyo. Mezani pake pana simu mbili, kikokotoo na kaunta buku lenye jalada gumu. Kila anayeweka au kutoa pesa huandikwa humo: jina, namba, kiasi, saa, kisha sahihi. Jioni moja floti yake ilionyesha upungufu wa shilingi 340,000. Alihesabu noti, akapiga hesabu ya daftari, akarudia vyote kwa kuanzia chini kwenda juu. Noti na daftari vilikubaliana. Simu ndiyo iliyokuwa na hesabu yake. Alipopiga huduma kwa wateja, kijana mwenye sauti ya upole alimwambia, "Mama, mfumo haukosei. Kumbuka vizuri umempa nani." Shangazi akaziba pengo kwa pesa aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya ada ya mjukuu wake. Siku ya 12 shilingi 340,000 zilirudi kwenye simu, bila ujumbe, bila maelezo, bila pole.

Nilikwenda kumsalimia Jumapili iliyofuata, naye akanisimulia. Simu yangu ilikuwa inatetemeka mfukoni kila dakika, kwa sababu wenzangu wa kazini walikuwa kwenye ubishi mkali. Akauliza, "Mnagombania nini, mwanangu?" Nikamweleza ukweli: tulikuwa tunabishana iwapo mistari ya programu isogezwe ndani kwa kitufe cha Tab au kwa kubonyeza nafasi mara nne. Shangazi akanyamaza. Kisha akafungua daftari lake ukurasa wa siku ile, akaligeuzia upande wangu.

Nimekuja kuzungumza juu ya ukimya ule.

Naandika na kufundisha programu mwaka wa 20 sasa. Nimeona watu wazima, wenye familia na heshima zao, wakinuniana wiki nzima kwa sababu ya lugha ya programu. Mmoja anaona Java ni mzigo, mwingine anaona Python ni ya watoto, wa tatu hataki kusikia PHP ikitajwa mbele yake. Ubishi wa wanaotumia vi na wanaotumia Emacs kuandikia programu zao ulianza kabla wengi wenu hamjazaliwa. Vyombo vyote viwili ni vya mwaka 1976, na watu wanavigombania mpaka leo. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anaijua hali hii. Bajeti ya ukumbi inapita kwa dakika chache kwa sababu wachache ndio wanaojua bei za kumbi. Ikifika rangi ya sare, kila mmoja ana macho, kila mmoja ana maoni, na kikao kinakwisha saa tano usiku.

Hata hivyo, ubishi wetu haukuzaliwa mwepesi. Mwezi Machi 1968 jarida la Communications of the ACM lilichapisha barua fupi ya Mholanzi Edsger Dijkstra. Aliandika kupinga amri ya go to, ile inayoiambia kompyuta iache mstari ilipo na kurukia mwingine popote pale. Hoja yake ilimhusu binadamu kuliko mashine. Akili zetu, alisema, huelewa vizuri vitu vilivyopangwa vikatulia, lakini ni dhaifu katika kufuatilia kitu kinachobadilika kadiri muda unavyopita. Kwa hiyo programu iandikwe kwa namna ambayo anayeisoma karatasini ataweza kuona kinachotokea inapoendeshwa. Yeye mwenyewe alikuwa ameipa barua hiyo kichwa cha kawaida, kinachosema tu kwamba anatoa hoja dhidi ya go to. Mhariri Niklaus Wirth ndiye aliyeweka kichwa kikali, kilichotangaza kwamba amri hiyo ina madhara. Watu wakakishika kichwa wakaiachia hoja. Mwaka 1974 Donald Knuth aliandika makala ndefu na ya subira, akionyesha mahali ambapo go to bado ina kazi na mahali ambapo haina. Makala ile ni hazina, nami huwapa wanafunzi wangu kila mwaka. Lakini katika ubishi sijawahi kusikia mtu akiitaja. Kinachotajwa ni kile kichwa cha habari.

Dijkstra alikuwa anamtetea msomaji, yaani yule atakayeikuta programu kesho na kutakiwa kujua inafanya nini. Sisi warithi wake tumeugeuza utetezi huo kuwa ushabiki wa timu.

Ushabiki huo hautuokoi. Chukueni roketi ya Ariane 5. Tarehe 4 Juni 1996 roketi hiyo iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Kiasi cha sekunde 40 baadaye ilipasuka angani, na setilaiti nne za utafiti zikaangamia nayo. Programu iliyosababisha maafa hayo iliandikwa kwa Ada, lugha iliyotengenezwa kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani kwa nia hasa ya kuzuia makosa. Kama lugha bora ingetosha kutuokoa, ingetuokoa siku ile. Namba ya kasi iliyohifadhiwa kwa biti 64 ililazimishwa kuingia kwenye nafasi ya biti 16, ikafurika. Programu yenyewe ilichukuliwa kutoka Ariane 4, roketi ambayo mwendo wake haukuweza kuifikisha namba hiyo mbali kiasi kile, na kwa sababu hiyo wahandisi walikuwa wameiacha bila kinga, kwa makusudi na kwa hesabu. Roketi mpya ilikuwa na mwendo mwingine. Hakuna aliyerudi kuiuliza ile hesabu ya zamani.

Kuna jambo moja katika mkasa huo ambalo hunirudia usiku. Ada iliiona hitilafu. Ilipaza sauti kama ilivyofundishwa. Lakini waliousanifu mfumo walikuwa wameamua mapema kwamba kompyuta ikipaza sauti namna hiyo, basi kompyuta ndiyo mbovu, na izimwe. Ikazimwa. Ile ya akiba, yenye programu ileile, ilikuwa imezimika kwa sababu ileile muda mfupi kabla yake.

Sasa twende Uingereza, na hapa naomba mnivumilie, kwa maana nitakaa.

Kuanzia mwaka 1999 shirika la Post Office lilisambaza katika posta zake mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon. Uliundwa na kampuni ya ICL, mali ya Fujitsu ya Japani. Posta nyingi za mitaani na vijijini huko huendeshwa na watu binafsi kwa mkataba, mara nyingi mke na mume wenye duka, ambao pembeni wana dirisha la stempu, pensheni na bili. Kwa lugha yetu ni mawakala. Mfumo ulipofika, baadhi yao wakaanza kuona upungufu usioelezeka. Walipopiga simu kuomba msaada, wengi walijibiwa kwamba hakuna mwingine mwenye tatizo hilo. Mkataba ulitafsiriwa kwamba pengo ni lao, walifidie. Wakauza magari, wakakopa kwa wazazi, wakaweka nyumba rehani. Kisha wakashtakiwa. Kati ya mwaka 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au kughushi hesabu, kwa ushahidi uliotoka Horizon. Mama mmoja alifungwa mwaka 2010 akiwa mjamzito. Wapo waliojiua.

Sheria nayo ilikuwa imelegezwa wakati mbaya kabisa. Kifungu cha 69 cha sheria ya ushahidi ya mwaka 1984 kilimtaka anayeleta mahakamani karatasi ya kompyuta aonyeshe kwamba kompyuta hiyo ilikuwa inafanya kazi sawasawa. Kifungu kikaonekana ni usumbufu, kikafutwa na sheria ya mwaka 1999. Tangu hapo mahakama za Uingereza zikaichukulia kompyuta kuwa sahihi mpaka mshtakiwa athibitishe kasoro. Atathibitishaje? Kumbukumbu za mfumo zilikuwa mikononi mwa kampuni. Mwenye posta alikuwa na risiti zake na neno lake.

Hitilafu zilikuwepo. Mojawapo ilijulikana kwa jina la Dalmellington, kijiji cha Uskoti. Karani aliingiza pesa taslimu pauni 8,000, skrini ikabaki ilivyo kama iliyokwama, naye akabonyeza tena, na tena. Kila kubonyeza kukaandika pauni 8,000 nyingine ambazo hazikuwepo popote duniani, hadi zikafika pauni 32,000. Ndani ya chumba kulikuwa na pauni 8,000. Kwenye mfumo palikuwa na deni la 24,000. Tena wafanyakazi wa Fujitsu waliweza kuingia katika hesabu za posta kutoka mbali na kuzibadilisha, jambo ambalo Post Office ililikana kwa miaka.

Uchunguzi wa umma kuhusu Horizon ulipoanza kuyaweka hadharani makabrasha ya ndani, ilionekana ripoti ya mwaka 1998 iliyolalamikia ubora wa kazi, nayo ilibeba kipande kifupi cha msimbo. Kazi ya kipande hicho ni kugeuza alama ya namba, chanya iwe hasi na hasi iwe chanya. Mtu wa kawaida angeandika alama moja ya kutoa, akamaliza. Huyu aliandika: kama namba ni hasi, ondoa alama yake, vinginevyo, chukua namba, itoe mara mbili yake. Waandishi wa programu tulikirukia kipande hicho. Nami nilikirukia, nikakiweka ubaoni darasani, tukakijadili kipindi kizima.

Kikokotoeni. Saba kutoa 14 ni hasi saba. Jibu ni sahihi. Ni uandishi wa kusikitisha, na waandishi wa ripoti walikuwa na haki ya kuuona kama dalili ya mikono isiyozoea kazi. Lakini kipande kile, peke yake, hakikumpeleka mtu jela. Kilichowapeleka watu jela ni uamuzi, uliorudiwa mwaka hadi mwaka na watu waliosoma vizuri, kwamba sauti ya mwenye posta haina uzito mbele ya skrini. Uamuzi huo hauonekani kwenye msimbo, hauna rangi wala umbo, kwa hiyo sisi hatukuubishia. Tulibishia kile tulichoweza kukichora ubaoni.

Waliobishana na kitu chenyewe hawakuwa wahandisi. Alan Bates alikuwa na posta yake Llandudno, Wales. Alikataa kulipa upungufu asioutambua, akanyang'anywa mkataba mwaka 2003, akaanza kutafuta wenzake mmoja mmoja. Jarida la Computer Weekly lilichapisha habari za saba kati yao mwaka 2009. Kesi ya watu 555 ilifika Mahakama Kuu, na Desemba 2019 Jaji Fraser aliandika kwamba msimamo wa Post Office kuhusu uimara wa Horizon ulikuwa sawa na kung'ang'ania kwamba dunia ni bapa. Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu 39 kwa mpigo. Mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta mamia zilizobaki. Hesabuni ninyi: tangu Bates ang'olewe ni miaka 21.

Niliposoma kumbukumbu za kesi ile nilikuwa nasikia sauti ya yule kijana mpole wa huduma kwa wateja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasoma alichoandikiwa.

Watu huniuliza iwapo basi nazichukia kampuni za teknolojia. Sizichukii. Nazidai. Ahadi ni deni, na kampuni hizi zina desturi ya kutoa ahadi kwa ngoma na kuiondoa kwa tangazo fupi. Julai 2020 kampuni ya Loon, ya kundi la Alphabet linalomiliki Google, ilianza pamoja na Telkom Kenya kutoa intaneti kwa maputo yanayoelea kilomita kama 20 juu ya ardhi. Yalikuwa maputo 35 hivi, na eneo lililokusudiwa lilikaribia kilomita za mraba 50,000, magharibi na katikati ya Kenya. Uhandisi wake nauheshimu kwa moyo wote. Kuliongoza puto kwa kulipandisha na kulishusha likitafuta upepo unaoelekea unakotaka ni kazi ambayo nahodha wa jahazi angeielewa na kuipenda. Januari 2021 Alphabet ilitangaza kuifunga Loon, kwa sababu biashara haikulipa. Tangazo lilipotoka, huduma ya Kenya ilikuwa imedumu miezi sita na siku kadhaa. Uamuzi ulikuwa halali yao. Ila mwalimu wa kijijini aliyepanga masomo yake kwa kutegemea puto hakuwa na mahali pa kuuliza kitu. Na katika miezi ile, sisi wa Afrika Mashariki tulibishana sana juu ya ubunifu wa maputo. Swali la nani ana wajibu gani puto likiondoka hatukulijadili.

Upande wa pili wa sarafu hiyo ni vitu vinavyotegemewa na wote bila kutunzwa na yeyote. Aprili 2014 ilitangazwa hitilafu iliyopewa jina Heartbleed katika OpenSSL, programu huria inayolinda siri za tovuti nyingi sana duniani, za benki zikiwemo. Kampuni tajiri kuliko nchi zetu zilikuwa zikiitumia bure. Michango iliyoingia kwa mwaka ilikuwa kiasi cha dola 2,000, na aliyekuwa akiifanyia kazi muda wote alikuwa mtu mmoja. Mwaka huohuo, niwaambie, ubishi wa lugha gani bora ulikuwa umepamba moto katika kila ofisi ninayoijua.

Sitaki mtu atoke humu akidhani nasema tuache kubishana. Upo ubishi unaostahili joto lake, na mfano mzuri ni huu wa lugha ya Rust dhidi ya lugha ya C. Mwaka 2019 wahandisi wa Microsoft walieleza kwamba karibu asilimia 70 ya mianya ya usalama waliyoiziba kila mwaka ilitokana na makosa ya kutumia kumbukumbu ya kompyuta vibaya, makosa ambayo C inayaruhusu na Rust inayakataa. Kwenye Android, sehemu ya mianya ya aina hiyo ilishuka kutoka asilimia 76 mwaka 2019 hadi 24 mwaka 2024, baada ya msimbo mpya kuanza kuandikwa zaidi kwa lugha zenye kinga. Rust ilipoingizwa kwenye mfumo endeshi wa Linux mwishoni mwa 2022, walinzi wa C walikasirika, na hasira haijaisha. Hapo nasema: bishaneni, kesheni. Kwa sababu mwisho wa ubishi ule yupo mtu ambaye simu yake itadukuliwa au haitadukuliwa. Nikitaka kujua ubishi upi uniondolee usingizi, humtafuta huyo mtu. Nisipomwona, nakwenda kulala.

Na sisi wa Kiswahili tuna kamati yetu ya sare. Kompyuta au tarakilishi? Neno la siri au nywila? Nimekaa kwenye vikao hivyo na nimevifurahia, maana lugha ni mali. Nawaheshimu waliofanya kazi ya mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakatoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004; walitafsiri neno kwa neno, kwa uvumilivu, kabla simu janja hazijafika mikononi mwetu. Lakini sikilizeni Kiswahili kinachotumika sasa madirishani. "Mfumo haukusomi." Mzee amesimama na kitambulisho chake, ana jina, ana uso, ana mwanawe wa kumshuhudia, na anaambiwa kwamba hasomeki. Kama ni karani ambaye hajui kusoma tungemtafuta mwingine. Mfumo usiposoma, anayerudishwa nyumbani ni mzee. Sentensi hiyo hakuitunga mwandishi wa programu, ila programu zetu ndizo zilizoizaa, kwa kuwa hatukuweka ndani yake sentensi nyingine ya kusema.

Muhula huu nimebadilisha zoezi la mwisho la wanafunzi wa mwaka wa tatu. Niliomba ruhusa kwa shangazi, akanipa nakala za kurasa sita za daftari lake, majina ya wateja yakiwa yamefunikwa. Nikawaambia: ongezeni kwenye programu ya wakala kitufe kimoja, cha kusema "sikubaliani na hesabu hii". Wiki ya kwanza walikimaliza wakadhani wamemaliza. Nikawauliza: akikibonyeza, habari inakwenda kwa nani? Huyo naye ana siku ngapi za kujibu? Wakati anasubiriwa, pengo linakaa upande wa nani, wa wakala au wa kampuni? Daftari lenye sahihi za wateja lina uzito gani mbele ya rekodi ya seva? Na nani anaruhusiwa kuiona rekodi hiyo?

Leo asubuhi nilipita darasani kabla ya kuja hapa. Walikuwa wamesimama, wanapigiana kelele kuhusu hizo siku za kujibu. Wengine wanasema saba, wengine tatu, na binti mmoja wa Mbagala ambaye mama yake ni wakala anasema ni saa 24, na kwamba pengo libaki kwa kampuni mpaka ithibitishe. Nimewaacha wakiendelea.